Toeni silikoni kwa huo mlango

Wasee, niseme tu: video nyingi za matatu zilizogeuzwa nyumba ya kulala zinatudanganya, na uongo unaanzia kwa mlango. Unaonyeshwa kitanda, pazia, taa za LED, msee anakunywa chai akiangalia Mlima Kenya. Kamera haishuki pale chini kwa mlango wa pembeni, mahali raba imepasuka na kujazwa silikoni nyeupe kama keki ya harusi.

Tukumbuke hizi gari zimetoka wapi. Hiace ya zamani, hiyo tunaita shark, mara nyingi imebeba watu miaka kabla ikufikie. Mlango umepigwa kila steji, kutwa, konda akining'inia. Ile raba ina mrija mtupu ndani. Ukifunga, mrija unabonyea na kuziba nafasi kati ya mlango na bodi. Ikizeeka inakauka, inalala, haiinuki tena. Sasa silikoni inasaidia nini hapo? Hiyo ni ya vitu vilivyotulia, kama kioo cha bafu. Mlango wa kuteleza ukiufungua asubuhi unaichana, wiki ijayo fundi anaongeza nyingine juu, na maji bado yanaingia.

"Ni tone tu, nitapanguza." Manze, tone haliishi hapo. Linapenya chini ya plaiwudi uliyopiga skrubu vizuri, linakaa juu ya bati, mvua ya Machi hadi Mei inaliongezea wenzake. Siku plaiwudi ikianza kunuka, bati la hapo mlangoni unalitoboa kwa bisibisi. Sasa ng'oa kitanda, ng'oa sakafu, lipa fundi wa kuchomelea. Yote juu ya raba.

Na maji ndio afadhali. Kinachoniudhi zaidi ni moshi. Gari ya boksi ikikimbia, msukumo wa hewa nyuma yake unapungua na moshi wa ekzosi unavutwa kurudi kwa gari. Pengo lolote ni mdomo. (Nilidrop campus mwaka wa pili, lakini hii hata abiria wa kiti cha nyuma anaijua.) Ukipaki usiku injini ikinguruma ndio simu zichaji, moshi unajikusanya chini na kupanda. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma na usingizi, na wewe tayari uko kitandani. Kwa hivyo yule msee anayesema pengo la mlango ni la kupitisha hewa, akae chini. Hewa inapita kwa dirisha ulilofungua mwenyewe, injini imezimwa. Hata raba mpya haikupi ruhusa ya kulala injini ikiwaka, wala ya kuingiza jiko la makaa ndani.

Kupima ni rahisi. Weka risiti ya supamaketi kwa ukingo, funga mlango, ivute. Ikitoka bila kushikwa, raba imekufa hapo. Zunguka mlango wote.

Halafu enda Kirinyaga Road au Grogan ukiwa na kipande cha raba ya zamani mkononi. Usiseme tu "ya Hiace", kwa sababu shark na ile iliyotoka 2004 hazina mlango mmoja. Kabla ya kuvalisha mpya, fungua mlango uuinue kwa mikono. Ukicheza juu chini, badilisha roli kwanza, la sivyo raba mpya italiwa upande mmoja. Kwangua gundi ya zamani yote kwa ukingo wa bati, toa kutu, paka rangi, ngoja ikauke. Hapa ndipo mafundi wengi huharakisha, na hapa ndipo unafaa kusimama ukiangalia, hata akikununia.

Raba haivutwi. Ukiinyoosha ndio ifike, baadaye itarudi saizi yake na kuacha pengo, hasa kwa kona. Isukume kidogo kidogo, maungio yakae chini, na usikate mwisho mpaka uzunguke mlango mzima. Siku za kwanza mlango utakuwa mgumu kufunga. Fundi atataka kupaka grisi. Kataa, grisi na oili huvimbisha hiyo raba. Silikoni ya kupulizia ndio inafaa, na hapo tu ndio nitaisifu silikoni.

Sasa nyinyi wenzangu wa kontenti. Video ijayo, kabla ya taa na pazia, msee mmoja amwagie mlango maji kwa paipu kutoka nje, kamera ikiwa ndani, imeelekezwa pale chini. Dakika tano, bila kukata, bila muziki. Nitashea ya kila mtu atakayethubutu.