Yusufu wa Aragón na Yusufu wa Pwani: Barua ya Wazi kwa Instituto Cervantes

Kwa Mkurugenzi,
Instituto Cervantes,
Calle de Alcalá,
Madrid, Uhispania.

KUH: UFUNDISHAJI WA FASIHI, HISTORIA NA UTAMADUNI WA KIHISPANIA KWA WANAFUNZI WA KIAFRIKA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Barua hii ningeweza kukuandikia kwa Kihispania, maana nimekisoma chuoni miaka minne na nakipenda. Nimeiandika kwa Kiswahili makusudi, ili isomwe pia na vijana wa huku Mombasa wanaofikiria kujifunza lugha yenu, na kwa sababu jambo lenyewe halielezeki vizuri nje ya Kiswahili. Naamini hutakosa wa kukufasiria.

Nilizaliwa Mji wa Kale, mwendo mfupi kutoka Fort Jesus. Tangu shule ya msingi tulifundishwa kwamba ngome ile ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na ni kweli. Lakini mfalme aliyeamuru ijengwe alikuwa Felipe wa Pili, mfalme wa Uhispania, ambaye tangu 1580 alikuwa ameirithi Ureno pamoja na himaya yake yote. Hilo sikulijua hadi nilipotimiza miaka ishirini na mmoja, nikiwa darasani katika chuo kimoja cha kusini mwa Uhispania, mwalimu akitusomesha habari za Granada. Alieleza kuhusu amri ya 1567 iliyowakataza Wamorisko, yaani Waislamu waliobatizwa kwa nguvu na vizazi vyao, wasiseme Kiarabu, wasivae mavazi yao, wasioge katika mahamamu yao. Amri ilitoka kwa Felipe wa Pili. Nikahesabu miaka pembeni mwa daftari. Mtawala yule yule aliyewanyang'anya watu wa Granada lugha yao ndiye ambaye, miaka ishirini na sita baadaye, aliweka juu ya mwamba wetu kuta nilizozipanda utotoni.

Nilinyoosha mkono nikasema hivyo. Mwalimu, mtu mwema na mwenye elimu, akanijibu kwamba Mombasa ni mambo ya Ureno na muhula ni mfupi. Akaendelea.

Simlaumu yeye. Alikuwa akifuata mtaala aliopewa, na mtaala huo ndio ulionifanya nikuandikie. Kozi tulizosoma sisi wageni zilikuwa na mpangilio mmoja: Waarabu walikuja mwaka 711, wakaondoka 1492, na hapo ndipo Uhispania yenyewe inaanza. Miaka karibu mia nane tuliipita kwa majuma mawili na matembezi ya siku moja Alhambra. Afrika ilikuwa dibaji ya kitabu, na dibaji hairudiwi ukishaanza sura ya kwanza. Ombi langu ni kwamba muirudishe ndani ya kitabu, kwa kuwa humo ndimo ilimo.

Niruhusu nianze na maneno, maana ndiyo yaliyonifungua macho. Kamusi niliyojifunzia ilikuwa ya Kihispania na Kiingereza. Kila neno lililazimika kupita London kwanza ndipo lifike Mombasa, na njiani likapoteza sura yake. Mhispania akitaka kumtaja mtu bila jina husema *fulano*. Nililikariri kwa maana yake ya Kiingereza wiki nzima, mpaka usiku mmoja nilipolitamka kwa sauti nikasikia: fulani! Basi usingizi ukaniruka, nikaanza kuyakagua mengine. *Hasta*, ile inayoanzisha kila kuagana, ni hata, ya Kiarabu *hatta*. *Azúcar* ni sukari, *aceituna* ni zaituni, *azafrán* ni zafarani, *ajedrez* ni sataranji. *Alcalde*, meya wao, ni kadhi aliyevua kilemba. *Rehén* ni mateka anayeshikwa mpaka sharti litimizwe. Kwetu rehani ni mali inayoshikwa mpaka deni lilipwe. *Mezquino* siku hizi ni mtu bahili, mwenye roho ndogo, lakini shina lake ni maskini. Na shujaa wa utenzi wa kwanza mkubwa wa Kihispania, El Cid, aliyefia Valencia mwaka 1099, jina lake hilo la sifa ni Sayyid, lile lile waliloitwa masultani wa Zanzibar.

Hakuna mwalimu aliyenionyesha hayo, wala asingeweza, maana hakujua kwamba mwanafunzi aliyekaa mbele yake ana ufunguo mfukoni. Sisi wa Pwani tunaingia katika Kihispania kwa mlango ambao wenye nyumba wameusahau.

Sasa tuje kwa Cervantes, ambaye taasisi yako inalibeba jina lake. Alikaa utumwani Algiers miaka mitano, kuanzia 1575 hadi 1580. Aliporudi na hatimaye kuandika *Don Quijote*, alidai kisa hicho si chake: eti kiliandikwa kwa Kiarabu na mwanahistoria aitwaye Cide Hamete Benengeli, daftari zake zikakutwa zinauzwa katika soko la Toledo, na Mmorisko mmoja akazifasiri kwa malipo ya zabibu na ngano. Katika sehemu ya pili, Sancho, msaidizi wa Don Quijote, analivuruga jina hilo akamwita Cide Hamete Berenjena. Darasa zima lilicheka, kwa kuwa *berenjena* ni tunda la mboga linalokaangwa kila jikoni mwao. Mimi nilicheka peke yangu kwa mara ya pili, kwa sababu niliona ni biringanya, na biringanya nimeimenya tangu utotoni.

Kicheko hicho kilinifikirisha baadaye. Sehemu ya kwanza ilitoka 1605. Mwaka 1609 serikali ilianza kuwafukuza Wamorisko wote, na kufikia 1614 watu wapatao laki tatu walikuwa wameshapakiwa merikebuni. Kwa hiyo yule mfasiri wa Toledo, angekuwa mtu wa kweli, angefukuzwa kabla hajaisoma sehemu ya pili, iliyotoka 1615. Na Cervantes alilijua hilo. Katika sehemu hiyo ya pili amemweka Ricote, jirani yake Sancho, Mmorisko aliyefukuzwa akarudi kwa kujificha katika vazi la hujaji, na wawili hao wanakaa chini wanakula na kunywa pamoja. Kwangu mimi sura hiyo ni miongoni mwa sura kuu za riwaya nzima. Sisi tuliambiwa tuisome wenyewe nyumbani, kwa kuwa haikuwa kwenye mtihani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Marehemu nyanya yangu alikuwa akiughani utendi wa Yusufu baada ya isha, nasi wajukuu tumemzunguka kwenye mkeka. Ni kisa cha Nabii Yusufu, jinsi ndugu zake walivyomtia kisimani na baba yake akalia mpaka akapofuka. Ni utendi kwa kanuni zake zote: ubeti wa mistari minne, kila mstari mizani nane, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unafunga kwa kina kinachorudi hadi mwisho wa utendi. Watu wa kale waliuandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoziandika tendi zetu za zamani.

Mwaka wangu wa mwisho, nikiwa natafuta mada ya tasnifu, nilikuta jina *Poema de Yúçuf*. Hakuna kozi iliyokuwa imelitaja. Ni shairi la Kihispania chenye lafudhi ya Aragón, linahadithia kisa hicho hicho cha Nabii Yusufu, na limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Beti zake zina mistari minne. Mistari ni mirefu kuliko yetu, mizani kumi na nne, na yote minne ina kina kimoja. Katika shairi hilo Yakubu anazungumza na mbwamwitu aliyesingiziwa kumla mwanawe, na mbwamwitu anakana. Nilipofungua picha ya ukurasa wake kwenye kompyuta, mikono ilinitetemeka. Sikuwa nikitazama kitu kigeni. Nilikuwa nikitazama mkeka wa nyanya.

Sisemi kwamba mashairi hayo mawili yalionana. Asili yao ni moja tu, Sura Yusuf na visa vya mitume, na kila moja lilifuata bahari yake. Lakini tazama ukurasa wenyewe kwa karibu. Hati ni ya Kimaghribi: nukta ya *fe* imewekwa chini, na *qaf* ina nukta moja tu juu. Harakati zimejazwa zote, kwa sababu msomaji hangeweza kubahatisha irabu za Kihispania. Kiarabu hakina sauti ya *p*, na Kihispania hakiwezi kwenda bila hiyo, basi mwandishi akachukua *be* akaitia shadda. Neno *pan*, mkate, linaanza kwa *be* iliyokazwa. Waandishi wetu walikutana na tatizo lilo hilo. Katika hati nyingi za zamani za Pwani, *be* moja ilibeba *b*, *p* na *mb*, msomaji akitegemea maana na vina kujua ipi ni ipi, mpaka walipotokea waliobuni alama za kuzitenganisha. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja katika nchi yake, waliinamia karatasi wakiuliza swali moja: nitaiandikaje lugha ya mama yangu kwa herufi za dini yangu?

Tofauti ni hatima. Tendi za kwetu zilighaniwa hadharani. Hati za kwao zilifichwa. Mwaka 1884, huko Almonacid de la Sierra, mkoa wa Zaragoza, nyumba kuukuu ilibomolewa na chini ya sakafu ya uongo vikakutwa vitabu vya Wamorisko vilivyokaa humo zaidi ya miaka mia mbili na sabini. Vingine vilichomwa moto kabla mtu hajatambua thamani yake. Vingi kati ya vilivyosalia vimo katika maktaba za Madrid. Ramón Menéndez Pidal, bingwa wa taaluma hii, alilihariri shairi la Yusufu mwaka 1902. Wanazuoni wenu, basi, wanalijua tangu zamani. Wasiolijua ni wanafunzi.

Na wapo Waafrika wengine wanaosubiri nje ya mlango. Juan Latino, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa katika nyumba ya watawala wa Sessa, alifikia kuwa mwalimu wa Kilatini Granada, na mwaka 1573 alichapisha utenzi wa Kilatini kuhusu vita vya Lepanto, vita vile vile ambamo Cervantes alipoteza nguvu za mkono wake wa kushoto. Cervantes anamtaja katika beti za mwanzo za *Don Quijote*. Nimekutana na wahitimu wa fasihi ya Kihispania wasiomjua.

Linaloniuma zaidi ni Guinea ya Ikweta. Nchi hiyo ya Kiafrika inazungumza Kihispania kama lugha rasmi, ilipata uhuru wake kutoka Uhispania 12 Oktoba 1968, na baadaye serikali ya Uhispania chini ya Franco ikafanya habari zake kuwa siri ya dola, hata magazeti ya Uhispania yakakatazwa kuziandika hadi 1976. Marufuku imeondoka, lakini ukimya umebaki madarasani. Donato Ndongo-Bidyogo alikusanya diwani ya fasihi ya nchi hiyo mwaka 1984. Mwaka uliofuata María Nsue Angüe alitoa *Ekomo*, riwaya inayosimuliwa na mwanamke wa Kifang anayemfuata mumewe mgonjwa kutoka kwa mganga hadi kwa mganga. Niliisoma kwa siku mbili. Kwa mara ya kwanza Kihispania kilinizungumzia msitu, kilio cha matanga na amri za wazee bila kunifafanulia kama mtalii. Iwapo mwanafunzi wa Kenya au Kongo atapewa kitabu kimoja cha kumshawishi kwamba lugha hii inaweza kuwa yake pia, na kiwe hicho.

Mheshimiwa, taasisi yako ndiyo iliyochapisha, mwaka 2006, mtaala ambao walimu wa Kihispania duniani kote huutegemea, pamoja na orodha zake za mambo ya utamaduni ambayo mgeni anapaswa kuyajua. Mtaala huo ni kazi kubwa, na neno lako likiingia humo linafika hadi darasa la mwisho la kijiji cha mwisho. Ndiyo maana nimekuandikia wewe na si chuo kilichonisomesha. Fanya maandishi ya Wamorisko yawe somo kamili la fasihi, yasomwe baada ya El Cid na kabla ya Cervantes, si tanbihi. Waandishi wa Guinea ya Ikweta wasomeshwe pamoja na wale wa Madrid na Buenos Aires, na watahiniwe kama wao, kwa sababu kisichotahiniwa hakisomwi. Saidieni pia kazi ya kutunga kamusi nzuri ya Kihispania na Kiswahili, isiyopitia lugha ya tatu, na tafsiri za moja kwa moja kati ya lugha zetu. *Ekomo* kwa Kiswahili. Utendi wa Yusufu kwa Kihispania. Kazi hiyo wapo watu wa kuifanya huku, na mimi ni mmoja wao.

Mwaka 1567 mzee mmoja wa Granada, Francisco Núñez Muley, Mmorisko, alimwandikia rais wa mahakama kuu ya mji huo barua ndefu kupinga ile amri ya Felipe. Kwa adabu alimweleza kwamba wapo Wakristo wa Mashariki wanaosema Kiarabu na Ukristo wao haupungui, na kwamba kumnyima mzee lugha pekee anayoijua ni kumfunga mdomo hadi afe. Hakusikilizwa. Mwaka uliofuata milima ya Alpujarras ililipuka kwa vita.

Barua yangu haiombi jambo zito kama lake. Inaomba nafasi kwenye ratiba. Muhula ujao, katika darasa lolote mnalolisimamia, mwalimu na aoneshe ubaoni ukurasa mmoja wa Yusufu wa Aragón, kisha amuulize mwanafunzi wake wa Kiafrika anauonaje.

Wako katika kazi,
Msomaji wa Kihispania,
Mji wa Kale, Mombasa.