Kila Gari Kuukuu na Daftari Lake



Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 30 na ushei. Kona hufuata kona, mwamba mkono mmoja, bonde mkono mwingine. Pikapu hushuka zimejaa kabichi, karoti na viazi, kisha hupanda na saruji, mabati na sukari. Katika mlima huo, tukikaribia Soni, pikapu yangu ya otomatiki ilikata mwendo. Injini ilinguruma, magurudumu hayakusogea. Nyuma yetu kulikuwa na basi dogo la wanafunzi. Utingo wetu aliruka na jiwe akalikita nyuma ya tairi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu.

Tulipokuwa tumekaa kwenye nyasi tukisubiri msaada, dereva wangu aliniambia kwa sauti ya chini: "Bosi, mwezi mzima asubuhi ilikuwa inachelewa kushika gia. Niliogopa utasema nimeiharibu mimi, unikate mshahara."

Maneno hayo yaliniuma kuliko gharama ya matengenezo. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ile nilijifunza kwamba mgonjwa anaweza kuficha kwa sababu anamwogopa mganga. Ndiyo maana naandika wito huu kwa kila mwenye gari la otomatiki lililokwisha kutembea kilomita 200,000, 300,000 au zaidi, na bado linabeba mzigo. Tuyawekee magari haya daftari, na tuwape wanaoyaendesha ruhusa ya kuandika ukweli.

Gia boksi ya otomatiki inaishi kwa mafuta yake. Kwenye gia za mkono, kazi kubwa ya mafuta ni kulainisha. Kwenye otomatiki, mafuta ndiyo yanayopeleka nguvu ya injini kupitia konveta, ndiyo yanayobana klachi zishike, na ndiyo yanayobeba joto kulipeleka kwenye rejeta. Yakiwa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi, yanafanya kazi kwa raha. Yakivuka 120, huchakaa upesi. Mafuta yakichoka klachi huteleza, klachi ikiteleza huzaa joto jipya, na joto hilo hurudi kuyaunguza mafuta yaliyobaki. Gari lililozidishiwa mzigo, likipanda mlima polepole chini ya jua, linaweza kuingia katika mzunguko huo kabla taa yoyote haijawaka.

Lakini dalili huwa zipo, na dereva huzisikia mapema kuliko fundi. Ukiingiza D, gari linakaa kidogo kabla ya kushika. Gia zinabadilika kwa kishindo. Injini inapanda mizunguko bila mwendo kuongezeka. Asubuhi kuna tone jekundu sakafuni. Kila moja ya hizi inastahili mstari mmoja daftarini, pamoja na tarehe na kilomita.

Mara moja kwa wiki, chungulia mafuta. Kwa pikapu nyingi zenye dipstiki ya gia boksi, gari liwe limetembea hadi likapata moto, lisimame tambarare, injini ikiwaka. Kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu, rudisha P, kisha pima. Soma pia kitabu cha gari lako, maana watengenezaji hawafanani. Baadhi ya magari ya karibuni hayana dipstiki kabisa. Hayo hupimwa gereji kwa kufungua bolti mafuta yakiwa kwenye joto maalumu. Kwa mafuta mekundu, yakigeuka kahawia nyeusi na kunuka kuungua, yamechoka. Yakiwa ya pinki na mazito kama mtindi, maji ya rejeta yameingia. Hapo zima gari, usitafute kufika nyumbani.

Kuhusu kubadilisha, usingoje gari ligome. Kwa gari la mizigo na milima, kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni kipimo cha busara, na aina ya mafuta iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji. Ukifungua bolti ya sampo hutoka sehemu tu ya mafuta, kwa sababu mengine yamebaki ndani ya konveta. Kwa hiyo gari lililosahaulika miaka mingi ni afadhali kulibadilishia kwa awamu: mwaga, jaza, litembee kidogo, urudie. Mwombe fundi akuonyeshe sumaku iliyo ndani ya sampo. Ungaunga mwembamba wa chuma ni uchakavu wa kawaida, ila ukiona vipande, jiandae kufungua gia boksi. Andika ulichokiona.

Ndugu zangu madereva, mlimani zimeni ovadraivu ili gia zisihangaike kupanda na kushuka. Mkishuka, wekeni 2 au L, injini iwasaidie kushika mzigo. Msiweke nyutro kuokoa mafuta, kwani breki zikibaki peke yake huchemka, na anayepata hasara ni mama aliyeketi na nyanya zake kando ya barabara. Gari likikwama, lisivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na gia yakizunguka. Pampu ya mafuta huendeshwa na injini, na injini ikiwa imezimwa, gia huzunguka kavu. Libebwe.

Mafundi wetu, mikono yenu inalinda maisha mengi barabarani. Andikeni daftarini mlichotia, lita ngapi, na aina gani. Mafuta machafu yakusanyeni kwenye dumu, msiyamwage mtaroni, kwa sababu mtaro huo unaishia kwenye mto ambao mtu wa bondeni anachota maji ya kunywa.

Nanyi mnaouza magari, kabidhini daftari pamoja na funguo. Magari mengi kati yetu yalifika bandarini yakiwa yametumika tayari, na hatukujua yalitunzwaje. Hilo hatukuwa na uwezo nalo. Ila miaka yanayokaa mikononi mwetu tunaweza kuiandika sisi wenyewe, anayenunua ajue anachonunua.

Neno la mwisho ni letu sisi wamiliki. Daftari bila uaminifu ni karatasi tupu. Dereva akija na habari mbaya, tumshukuru kwanza, halafu tuulize. Nilimwahidi kijana wangu kwamba anachokiandika hakitagusa mshahara wake kamwe, na nimeitimiza ahadi hiyo hata siku alipoandika jambo lililonigharimu.

Leo asubuhi, kabla hajaondoka kwenda Mombo, nilitoa daftari kwenye dashibodi nikasoma mstari wake wa mwisho: "312,408. Mafuta mekundu. D imeshika haraka. Kuna jasho kidogo kwenye bomba la rejeta, naomba tuliangalie." Jioni tutaliangalia. Nawe, ndugu yangu, nunua daftari leo, na ukurasa wa kwanza mpe dereva wako aandike.