Wanafunzi wa Sheria na Mashamba ya Mapinga

Mwaka 1969 Kitivo cha Sheria cha Mlimani, ambacho leo huitwa Shule Kuu ya Sheria, kiliunda Kamati ya Msaada wa Kisheria, ili walimu na wanafunzi wawasikilize wanyonge wasio na fedha za kumlipa wakili. Uamuzi huo ulikuwa wa kimapinduzi. Mwanafunzi aliyekariri sheria ya ndoa au ya ajira alitakiwa sasa akae mbele ya mama aliyefukuzwa nyumbani, au kibarua aliyedhulumiwa ujira wake, na aseme la kufanya. Sisi tuliopitia vyuo vya Kurani hatuoni ajabu. Mtoto hafundishwi kutawadha kwa kusimuliwa. Hupewa birika, akatawadha huku mwalimu akimtazama.

Somo hilo linahitajika sana Mapinga. Ukiiacha Bunju umeingia Wilaya ya Bagamoyo, na jiji nalo limeingia. Mashamba ya mikorosho yanakatwa viwanja. Mipaka inagombewa, na wajane huambiwa hawana fungu, ingawa Sheria za Ardhi za 1999, Namba 4 na Namba 5, zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume. Tangu 2021 Baraza la Kata haliamui tena shauri la ardhi, bali husuluhisha tu. Uamuzi hutafutwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakulima wangapi wanalijua hilo? Na mwanafunzi anayelijua, je, ataweza kulieleza? Amefundishwa kwa Kiingereza, ilhali mwaka huohuo 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama.

Lakini tuseme kweli. Kwenda kwa basi siku moja, kupiga picha chini ya mwembe na kurudi Mlimani kuandika ripoti ni kumfanya mkulima kitabu cha kusomea. Ugumu wenyewe uko katika muda. Muhula ni miezi michache. Shauri la ardhi huweza kula miaka. Mwanafunzi akiandika madai kisha akaenda likizo, mjane hubaki na karatasi asiyoielewa na tarehe ya baraza inayompita. Afadhali asingeandikiwa.

Kwa hiyo jalada liwe la Kamati, si la mwanafunzi. Likabidhiwe kutoka darasa moja hadi jingine mbele ya mwenye shauri, asomewe yaliyokwisha fanyika na yaliyosalia. Alama nazo zisitolewe na mhadhiri peke yake. Mwenye shauri aulizwe: ulielezwa ukaelewa? Siku yako ya baraza unaijua?

Wapo wasomi watakaocheka. Tuwakumbushe kuwa Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilimtaka kijana afanye kazi kwanza, na athibitishwe na wenzake kazini na tawi la Chama, ndipo aingie chuo kikuu. Utekelezaji wake ulikuwa na kasoro, na utaratibu huo uliachwa miaka ya 1980. Hata hivyo ulikubali kwamba asiye na shahada anaweza kumpima mwenye kuitafuta.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imekwisha kuwatambua wasaidizi wa kisheria wanaoishi na wananchi. Chuo kinapofungwa, nakala ya kila jalada ibaki kwao, Mapinga, kwa Kiswahili.