Wali Uliolala Nje Usiupashe, Umwage

Tahadhari hii inamhusu kila anayebakisha wali usiku, akafunika sufuria na kuiacha jikoni, akijua asubuhi ataupasha anywee chai. Tafadhali, usiule. Wali uliolala nje ya friji katika joto la Dar es Salaam, Mombasa au Unguja unaweza kuwa na sumu isiyotoka kwa moto, hata ukiupasha mpaka ukashika ukoko upya.

Chanzo kimo kwenye mchele wenyewe. Udongoni anaishi bakteria aitwaye Bacillus cereus, naye hufika jikoni akiwa amejifungia ndani ya ganda gumu kama mbegu. Kuosha mchele hakumwondoi. Maji yakichemka, vijidudu vingine hufa, yeye anabaki. Wali unapopoa polepole, ganda hupasuka na bakteria huanza kuzaliana. Joto analolipenda ni la nyuzi 30 na zaidi kidogo, yaani lile la jikoni kwetu wakati wa kaskazi. Wakishakuwa wengi hutoa sumu iitwayo sereulidi. Wanasayansi wameipima, wakakuta inahimili nyuzi 121 kwa zaidi ya saa moja. Maji yanayotokota jikoni kwako yako nyuzi 100 tu. Kwa hiyo kupasha kunaua bakteria, lakini sumu aliyokwisha kuiacha unaimeza.

Jambo hili liligunduliwa Uingereza, nchi ya baridi. Kuanzia mwaka 1971, watu waliokula wali wa kukaanga kwenye migahawa ya Kichina walikuwa wakitapika saa chache baadaye. Wapishi walikuwa wanachemsha wali mwingi, wanauacha nje usiku kucha ili usishikane mabonge, kisha mteja akifika wanaukaanga dakika chache. Ikiwa hayo yalitokea kule, sisi wa pwani tuna sababu gani ya kujiamini?

Wengi hupona ndani ya siku moja, na ndiyo maana tunasema tu tumbo limechafuka. Si wote wanaopona. Mwaka 2003, nchini Ubelgiji, watoto watano wa familia moja walikula saladi ya tambi iliyotengenezwa siku tatu nyuma. Binti wa miaka saba alifariki kabla siku haijaisha. Ini lake lilishindwa kazi. Saladi hiyo ilikuwa imewekwa kwenye friji, lakini friji ilipopimwa ilikuwa na nyuzi 14, wakati inatakiwa iwe chini ya 5. Fikirieni friji zetu umeme unapokatika usiku kucha.

Hofu yangu kubwa ni shughuli. Pilau la harusi au la msiba huiva asubuhi, likaliwa mchana, na jioni kila jamaa anafungiwa lake la watoto nyumbani. Hapo anaongezeka Staphylococcus aureus, anayekaa puani na kwenye vidonda vya mikono ya anayechambua nyama. Sumu yake nayo haiondoki kwa kupashwa. Wala msitegemee pua. Chakula chenye sumu hizi kinaweza kunukia vizuri na kuwa kitamu kama kilivyopakuliwa.

Wapishi, pilau linalosubiri wageni libaki juu ya makaa, liwe la moto kabisa, zaidi ya nyuzi 60. Kinachobaki kitandazwe kwenye sinia pana kipoe haraka, kiingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita. Sufuria kubwa iliyojaa na kufunikwa hukaa na uvuguvugu kwa saa nyingi, na huo ndio bakteria wanaoutaka. Asiye na friji apime mchele wa kuliwa ukaisha.

Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Mtoto akitapika mfululizo, akalegea au macho yakawa ya manjano, msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali, na mwambieni daktari alikula nini na chakula hicho kilipikwa lini.