Mzee naye abishiwe hodi

Mhariri,

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona shangazi yangu kwenye makao ya wazee. Tukiwa katikati ya mazungumzo, mhudumu aliingia bila hodi, akamfunua shuka mbele yangu na kuanza kumbadilisha nguo. Shangazi, aliyefundisha darasa la kwanza miaka 30, aligeukia ukutani.

Sisemi wazee wananyimwa chakula. Wanakula, na sakafu inang'aa. Lakini simu ya shangazi hukaa ofisini, taa huzimwa saa mbili usiku kama bwenini, na wageni ni Jumapili tu. Nilipouliza, nikajibiwa ndio utaratibu.

Ibara ya 57 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Utashirikije bila simu?

Naomba haki hizo zibandikwe ukutani kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo macho ya mzee yataziona, pamoja na nambari ya mtu asiye wa makao hayo wa kupokea malalamiko. Simu ya shangazi nayo irudi chini ya mto wake.

Msomaji wako,
Mombasa