Dhahabu ya Sekenke na Ulinzi wa Ulaya

Mfanyakazi wa Sekenke apondaye mawe ya dhahabu aweza kuuliza: mabishano ya Marekani na Ulaya juu ya majeshi yao yanihusu nini? Yanamhusu sana. Mwaka 1916 Wajerumani, walipobanwa na Waingereza na Wabelgiji, waliipeleka dhahabu ya machimbo haya Tabora, wakafua sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Vita ilikuwa yao. Dhahabu na jasho vilikuwa vyetu.

Tangu 1949 Ulaya ya Magharibi imekaa chini ya mwavuli wa Marekani, yaani mapatano ya NATO. Mwavuli huo ulimfunika hata Mreno, alipokuwa akiwapiga ndugu zetu wa Msumbiji. Sasa Marekani imechoka kuushika. Juni 2025, mjini The Hague, wanachama wa NATO waliahidi kufikisha matumizi ya ulinzi asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035. Hispania ilithubutu kunung'unika waziwazi, wengi waliitikia.

Hatuwacheki. Mwenye kulindwa na mwingine hana kauli, nasi twalijua hilo tangu 1965, Ujerumani ya Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi kwa kuwa tuliiruhusu Ujerumani ya Mashariki kuwa na ofisi ya ubalozi mdogo nchini. Mwalimu hakubembeleza. Aliwaambia wachukue na misaada iliyobaki.

Lakini fedha za silaha hizo zitatoka wapi? Uingereza ilijibu Februari 2025: misaada yake kwa nchi za nje itashushwa kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 mwaka 2027, ili jeshi liongezewe. Marekani nayo, kwa sababu zake yenyewe, ililifunga shirika la USAID Julai 1, 2025, shirika lililosaidia miaka mingi vita dhidi ya UKIMWI katika nchi yetu.

Fedha ilikuwa yao, na mwenye mali hadaiwi zawadi. Madai yetu yako nyumbani. Dhahabu ingali ikichimbwa Sekenke, na ushuru ungali ukilipwa. Basi kabla ya bajeti ijayo, kila tawi la Chama katika Iramba liwaite madiwani wake, liwaulize: ushuru huo umenunua dawa kiasi gani katika zahanati zetu? Nao wajibu kwa tarakimu, mbele ya wachimbaji.