UCHANGANUZI: Kanuni ya picha za tezi dume yafaa kutangulia mashine mpya

KATIKA mitaa ya Jericho, Maringo, Kaloleni na Bahati wamo wazee wengi waliostaafu kutoka shirika la reli, viwanda vya Industrial Area na lililokuwa baraza la jiji. Baadhi yao huamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo, nao huyachukulia hayo kuwa maudhi ya uzee. Mara nyingi hawakosei, kwani tezi dume hufura umri unaposonga hata pasipo saratani. Hata hivyo, saratani ya tezi hiyo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanaume wa Kenya, na wengi hufika hospitalini ikiwa imekwisha kuenea mifupani.

Tuseme mzee wa Jericho amepimwa damu na kiwango chake cha PSA kikapatikana kuwa juu. Kwa kuwa kiwango hicho hupandishwa pia na maambukizi au kufura kwa kawaida, daktari ataka picha ya MRI. Watoto wanachanga, majirani wanachanga, picha inapigwa. Mzee anarudi na bahasha kubwa ambayo ndani yake mna ripoti inayosema tezi imefura na uchunguzi zaidi wahitajika. Daktari bingwa wa njia ya mkojo katika hospitali ya rufaa anaitazama, anatikisa kichwa, kisha anaagiza ipigwe upya. Mchango unaanza tena.

Kosa si la mashine. Picha iliyolenga nyonga nzima hukatwa vipande vinene, na tezi yenye ukubwa wa ndimu huonekana katika vipande vichache tu. Uvimbe mdogo hupotea humo. Ripoti nayo ikiandikwa kwa maneno ambayo kila mwandishi huyachagua apendavyo, msomaji wa hospitali ya pili hawezi kujua mwenzake aliona nini.

Dawa ya tatizo hilo ipo. Mwaka 2012 chama cha Ulaya cha wataalamu wa picha za mfumo wa mkojo na uzazi kilitoa mwongozo uitwao PI-RADS. Wamarekani walishiriki kuandaa toleo la pili, na mwaka 2019 likatoka toleo la 2.1. Mwongozo huo hueleza aina za picha zinazotakiwa na unene wa vipande, ambao kwa picha za msingi ni milimita tatu. Kisha humtaka msomaji atoe alama kuanzia 1, ambapo saratani hatari haitarajiwi, hadi 5, ambapo yatarajiwa sana.

Faida yake si ya makaratasi. Utafiti wa PROMIS, uliofanywa Uingereza kwa wanaume 576 na kuchapishwa 2017, ulionyesha kuwa MRI iliyofuata utaratibu mmoja iligundua asilimia 93 ya saratani hatari. Njia ya zamani ya kuchoma sindano na kutoa vinofu kwa kuongozwa na ultrasaundi iligundua asilimia 48 pekee.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni anasa ya matajiri. Mwaka 2025 utafiti wa PRIME, uliohusisha vituo 22 katika nchi 12, uliwapa jibu. Picha zilizopigwa bila kudunga dawa ya kung'arisha mishipa zilibaini saratani hatari sawa na zile zenye dawa hiyo. Kuiacha dawa ni kupunguza gharama na muda wa mgonjwa mashineni. Lakini (na hapa ndipo wanasiasa wetu watakapoteleza) vituo hivyo vilikaguliwa ubora wa picha zao kwanza, na vilivyopungukiwa vikarekebisha. Unafuu ulikuja baada ya nidhamu.

Kwetu mambo huenda kinyume. Mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu ulioanzishwa 2015 ulifikisha mitambo katika kaunti zote 47 na kuzua mabishano hadi Seneti. Bei ilijadiliwa mno. Jinsi ya kuitumia mitambo hiyo kwa ulinganifu haikupewa nafasi ya kutosha.

Eastlands ni kipimo kizuri cha suala hili kwa sababu haina kisingizio cha umbali. Kutoka Kayole au Umoja hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ni safari ya matatu, si ya siku mbili kama ilivyo kwa mkazi wa Mandera, na wataalamu wa radiolojia nchini wamejazana Nairobi. Ikiwa ripoti haziaminiani ndani ya jiji moja, kupeleka mashine zaidi mashambani kutasambaza tu mkanganyiko.

Wizara ya Afya na Taasisi ya Kitaifa ya Saratani zaweza kutoa mwongozo, lakini mwenye nguvu zaidi ni Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mlipaji aweza kukataa kulipia picha ya tezi dume isiyo na alama.

Hadi hilo litendeke, mzee anayetumwa kupigwa picha na aulize mambo mawili kabla ya kutoa pesa: je, ripoti itakuwa na alama ya PI-RADS? Na je, atapewa picha zote katika diski, badala ya filamu chache za kuweka chini ya godoro?